Mtoto aliyekuwa anaogopa mwezi

Haya ni maneno niliyoyasema kwa niaba ya kikundi chetu cha kulinda watoto, mwaloni Katonga, pale wavuvi wanaposhushia dagaa hapa Kigoma, asubuhi moja mwezi ukiwa mkubwa, mbele ya wavuvi, mama zetu wa dagaa na viongozi wa mtaa. Waliokosa kuwepo wameniomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na wazee wangu wa Kiha, mwakeye.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, mtendaji, wazee, mama zangu wa dagaa, na baba zangu na kaka zangu wavuvi ambao leo mko wengi kuliko siku zote. Najua kwa nini mko wengi. Mwezi ni mkubwa, taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika, na ndo maana tuliomba wiki hii na sio nyingine, maana siku za giza nikiita mkutano hapa wanaume wote wamelala, wamekesha ziwani, na mimi leo nilitaka mnisikie nyie pia.

Basi nianze na huo huo mwezi.

Kuna mtoto mmoja, sio wa hapa, na kuna vitu nimebadilisha ili mtu asije akaanza kumtafuta. Alikuwa na miaka 10. Kwao ni mwaloni kama hapa, baba wa kambo mvuvi, mama anaanika dagaa. Jirani yao kulikuwa na bibi mmoja anakaa peke yake, anachambua dagaa za watu analipwa kidogo kidogo. Huyo bibi akaja kugundua kitu. Siku za mbalamwezi huyu mtoto anakuja kulala kwake, anabeba kanga yake na daftari zake za shule, anasema bibi nimekuja unihadithie. Siku za giza haji, anajilalia kwao vizuri tu. Mwezi wa kwanza bibi hakusema kitu, mwezi wa pili hivyo hivyo, akawa anafurahi tu kupata mtu wa kuongea naye. Mwezi wa tatu mtoto akamuuliza, bibi, mwezi unaisha lini?

Sasa nyie wote mna watoto. Mtoto gani anaulizaga mwezi unaisha lini? Watoto wanapenda mbalamwezi, ndo siku wanacheza nje mpaka unawaita mara tano. Huyu alikuwa anaombea giza. Giza likiingia, baba yule anaenda ziwani, anarudi asubuhi mtoto yuko shule. Mwezi ukiwa mkubwa baba yuko nyumbani usiku kucha na mama ameenda mnadani kuuza dagaa.

Najua mmeshaelewa, sina haja ya kumalizia.

Nimekuja kuwaambia kitu kimoja leo, na nikikizunguka sana mnirudishe. Mtoto akishasema, asiachwe katikati ya njia. Kusema ni mwanzo tu. Watu wengi wanafikiri kazi ya kikundi kama chetu ni kugundua na kukamata, kumbe kugundua ni siku moja na kukamata ni siku moja, kazi yenyewe ni ile miezi yote inayofuata ambayo mtoto anatembea na hilo jambo na watu wazima wanaanza kuchoka mmoja mmoja.

Turudi kwa yule bibi, maana alifanya vizuri kuliko sisi tuliosomea semina. Aliposikia lile swali hakushtuka kwa sauti. Hakumshika mtoto mabega akamwambia niambie ukweli. Aliendelea kuchambua dagaa, akamsogezea mtoto fungu lake, wakawa wanachambua wote wawili macho chini, mikono inafanya kazi, na baada ya muda bibi akasema tu, mwezi ukiwa mkubwa kwenu kunakuwaje? Akanyamaza. Bibi alituambia alinyamaza mpaka akaona aibu. Mtoto akachambua, akachambua, afu akasema sentensi tatu. Tatu tu. Bibi akamwambia, nimekusikia, umefanya vizuri kuniambia, sio kosa lako, leo hurudi kule. Kisha akamfungia ndani na kanga yake, akaja kumgongea mama mmoja wa kikundi chetu saa nne usiku, na hajui kusoma huyu bibi, ila zile sentensi tatu alizibeba kama zilivyo, hakuongeza hata neno moja.

Yule mama aliziandika kwenye daftari, maneno ya mtoto mwenyewe, tarehe, saa. Hatumhoji mtoto sisi. Hilo nalisisitiza kwa sababu huruma zetu zinaharibu. Unakuta mama anauliza, alikushika wapi, mara ngapi, saa ngapi, ulikuwa umevaa nini, jirani naye anakuja anauliza yake, shangazi anauliza yake, na kila mmoja anamtilia mtoto maneno mdomoni bila kujua, afu siku ya mahakamani wakili wa mshitakiwa anayachukua yale maneno yanayopishana anasema mtoto kafundishwa.

Asubuhi ile tulienda hospitali. Hapa naomba mnisikilize hata anayechezea simu. Saa 72. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, anameza siku 28, ila lazima zianzwe ndani ya saa 72, na ukiwahi zaidi ndo bora zaidi. Siku tatu hizo. Sasa hesabu mwenyewe, ukoo ukikaa kikao kesho, keshokutwa mjomba bado anasubiriwa kutoka Kasulu, siku ya nne mmekubaliana mumpeleke, mmeshachelewa, na hakuna faini ya duniani inayorudisha hizo saa. Msimuogeshe mtoto kwanza. Najua mama mkono wake wa kwanza unaenda kwenye maji na sabuni, najua kabisa, mimi pia ningefanya hivyo, ila usimuogeshe na usifue nguo. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye gazeti, usitie kwenye mfuko wa nailoni maana zitapata unyevu na kuharibika. Fomu ya PF3, ile ya mtu aliyeumizwa kwenda nayo hospitali, inatolewa polisi, na pale polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usieleze kaunta mbele ya watu. Ila kama mtoto anavuja damu au ana maumivu makali nenda hospitali moja kwa moja, fomu itafuata.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma mpaka leo. Siku ile nilihesabu. Kuanzia asubuhi mpaka jioni yule mtoto aliulizwa kilichotokea mara saba. Mlangoni, mapokezi, kwa nesi, kwa nesi mwingine kwa sababu zamu zilibadilishana, kwa daktari, na kwingine mara mbili. Mara ya tano akawa anajibu akiangalia ukutani, sauti moja tu kama mtu anasoma ubao. Mara ya saba hakujibu kabisa, akaniangalia mimi. Sitaji ni wapi maana sijaja kumsema mtu, na walikuwepo wenye roho nzuri pale, ila kuanzia siku hiyo tuliamua mtu wetu mmoja, yule yule, anakuwa na mtoto kuanzia asubuhi mpaka jioni, anabeba maelezo yaliyoandikwa, na akifika mahali anasema kwa heshima, daktari, naomba usome hapa kwanza, ukihitaji kitu cha ziada ndo umuulize. Wengi wanakubali. Kweli wengi wanakubali, walikuwa hawajaambiwa tu. Na kwenye hospitali zenye vituo vya Mkono kwa Mkono wazo lenyewe ndo hilo, polisi, daktari na ustawi wa jamii wanamkuta mtoto sehemu moja badala ya mtoto kuzungushwa mji mzima.

Nilifanya kosa jingine mimi binafsi, kabla ya huyu, na mtoto mwingine. Alinishika mkono akaniambia, dada nikikwambia hutamwambia mtu? Nikamwambia sitamwambia mtu. Nilisema vile ili aongee, na aliongea, na kesho yake ikabidi nimwambie afisa ustawi kwa sababu bila hivyo angerudi kulala palepale. Aliponiona nimekaa na afisa alijua. Hakunililia wala nini, ila hakunisalimia tena kwa miezi. Sasa hivi ninasema tofauti, nasema nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia na nitakwambia ni nani kabla sijamwambia. Wengine wananyamaza wakisikia hivyo. Ninakaa nao tu. Wanarudi.

Sasa twende kwenye kikao cha ukoo, hapa ndo penyewe.

Siku ya tatu baada ya yule baba kushikwa, walikuja watu watano nyumbani kwa bibi. Watu wazima, wastaarabu, wamevaa vizuri, mmoja ana kofia mkononi. Wakasema bibi sisi tumekuja kwa amani, hili jambo ni la nyumbani, tuyamalize kinyumbani, mtoto atapata hela ya shule, mama atalipiwa chumba, mzee akitoka ataomba msamaha mbele ya wazee wote. Na mmoja akasema lile neno ambalo huwa tunalisikia kila kesi, jamani mkimfunga huyu, hawa watakula nini?

Mimi hilo swali siwezi kulipuuza. Ni swali la kweli. Mama yule alikuwa na watoto wanne, nyavu ni za mume, chanja za kuanikia dagaa ni za mume, hata deni la dukani limeandikwa jina la mume. Huwa nasikia watu wanasema mama anayenyamaza ni mbaya kuliko aliyefanya, na wapo walionyamaza wakijua, siwatetei. Ila nimekaa na wamama wengi wa namna hii, na wengi hawakumchagua mume wakamuacha mtoto, walikuwa wanahesabu vichwa, huyu mmoja kaumia na hawa watatu watalala njaa. Ukitaka mtoto huyo alindwe mpaka mwisho lazima umtoe mama yake kwenye hiyo hesabu.

Kwa hiyo kikundi chetu kilifanya nini. Hatuna wafadhili wakubwa sisi, tuna wanachama, kila mtu anatoa 2,000 kwa mwezi, asiye na hela analeta sado ya dagaa tunauza. Tulimuingiza mama kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, tukamkopesha mtaji wa kununua dagaa mwaloni na kuzianika kwa jina lake, jirani mmoja akamuazima chanja mbili. Miezi miwili ya kwanza tulichangia unga na mawese. Sio kitu kikubwa. Ila wale watu watano walipokuja mara ya pili na ahadi ya kodi ya chumba, mama akawajibu, chumba nimeshalipa.

Na niwaambie kisheria, maana mnadanganywa sana. Kesi ya jinai sio ya bibi, sio ya mama, sio ya ukoo. Ni ya Jamhuri. Mama hawezi kuamka asubuhi akaenda kituoni akasema nimeifuta. Kubaka ni kosa ambalo sheria yetu imeweka kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema hivyo, na hakuna cha alikubali, alikuwa anajipendekeza, au kifua kimeshatoka. Sheria hiyo hiyo inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzipeleka serikali za mitaa. Wewe jirani uliyesikia ukutani umo humo.

Ila nitawaambia kesi zinavyokufa, maana tumezika kadhaa. Hazifi kwa kufutwa, zinakufa kwa shahidi kutokuja. Tarehe ya kwanza anakuja, tarehe ya pili inaahirishwa, tarehe ya tatu nauli imeisha, tarehe ya nne mtoto kapelekwa kwa shangazi mbali na hakuna anayejua namba ya simu. Tulikuwa na kesi ya kijiji cha mwambao wa kusini huko, gari halifiki, unapanda boti, ziwa likichafuka boti haiji, mnaijua Tanganyika ikikasirika, na mahakama inasubiri saa tatu asubuhi. Kwa hiyo pesa yetu kubwa inaenda kwenye kitu ambacho hakipendezi hata kukipiga picha, nauli. Nauli, chai na mahali pa kulala shahidi siku moja kabla. Mtu akiniuliza kikundi chenu kinalindaje watoto namjibu kwa nauli, anafikiri natania.

Kesi ya mtoto wetu wa mwezi ilichukua mwaka na miezi. Kabla ya siku yake tulimpeleka mahakamani siku hakuna kesi, tukaomba, karani akatufungulia, mtoto akakaa kwenye kiti cha shahidi, akauliza hakimu anakaa wapi, akauliza yeye atakaa wapi. Yeye alikuwa anamaanisha yule baba wa kambo. Tukamuonyesha. Akahesabu hatua kutoka pale mpaka kwenye kiti chake. Hatumfundishi cha kusema, hiyo ni mwiko na ni kosa, tunamuonyesha chumba tu ili asikione kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na kesi za namna hii zinasikilizwa faragha, watu wa nje hawaingii. Mtoto wa umri wake haapi kama mtu mzima, hakimu anamuuliza maswali kidogo kuona anaelewa, afu anaahidi kusema ukweli na sio uongo. Na mjue hili, ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Wale wanaowaambia hakuna aliyeona kwa hiyo hakuna kesi, wanawadanganya.

Alisema zile sentensi tatu. Alisema na nyingine, ila zile tatu zilikuwa zile zile.

Na mtoto alikuwa analala wapi mwaka mzima huo? Hapa kuna jambo linanikera. Kitu kikitokea nyumbani, anayefungashwa ni mtoto. Yeye ndo anahama, yeye ndo anabadilisha shule, yeye ndo anawaacha wadogo zake. Aliyefanya akipata dhamana anarudi kitandani kwake. Nyumba salama ni chache na zipo kwa ajili ya dharura, sio pa kumlea mtoto. Kwa hiyo tunashirikiana na Ustawi wa Jamii kutafuta wanaoitwa walezi wa kuaminika, yani familia ya kawaida kabisa, imechunguzwa, imepewa mafunzo, iko karibu ili mtoto asihame shule, inampokea mtoto wiki au miezi mpaka kwao pawe salama. Bibi alitaka abaki naye na mtoto alitaka hivyo hivyo, ila ilikuwa ni nyumba tatu kutoka kwao, ndugu wa yule bwana wanapita mlangoni kila siku. Alikaa kwa familia moja ya mwalimu na muuza mikate. Wiki za kwanza alikuwa anaamka usiku anaenda kuangalia kama komeo limefungwa. Yule baba mwenye nyumba akafanya kitu, hakuna semina ilimfundisha, alimnunulia komeo lake mwenyewe akamfungia upande wa ndani wa chumba cha wasichana, akamkabidhi bisibisi, akamwambia hizi skrubu kaza mwenyewe. Akakaza.

Baba zangu, kaka zangu, najua wengine mmekaa hapo mnasema huyu mama kaja kututukana wavuvi. Hapana. Aliyepiga simu polisi kwa mara ya kwanza kwenye kesi ile alikuwa mvuvi, alikuwa kwenye mtumbwi mmoja na mshitakiwa, walivua wote miaka, na alipokuja kutoa maelezo alikuwa anatetemeka mikono. Alipoteza kazi kwenye mtumbwi ule. Tanzania ilifanya utafiti mwaka 2009 wa ukatili kwa watoto nchi nzima, ripoti ikatoka 2011, ikaonekana karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana mmoja kati ya 7. Wale watu hawajatoka ziwani wote. Ni walimu, wafanyabiashara, wajomba, watu wa dini, watu wanaotoa mchango mkubwa kwenye harusi.

Na hapo kwa wavulana msipite haraka. Mmoja kati ya 7. Hawa vijana wadogo wanaoosha mitumbwi, wanaolala juu ya nyavu kwa sababu wametoroka kwao Buhigwe au Kibondo, wananunuliwa soda na chapati na mtu mzima anayesema nitakulea. Mtoto wa kiume hasemi. Akisema anachekwa, anaitwa majina. Tumepokea wachache mno na najua wapo wengi, na naomba mzee yeyote hapa mwenye heshima yake aje tuongee, maana vijana hawa watamsikiliza mwanaume kabla hawajanisikiliza mimi.

Jingine nilipitie haraka. Wanaokuja na treni. Dada kavaa vizuri kashuka steshen kutoka Dar, anatafuta binti wa kazi za ndani, anakwambia atamsomesha cherehani. Mkoa huu unatoa mabinti wengi sana wa namna hiyo. Chini ya miaka 14 sheria hairuhusu kuajiriwa kabisa, na hata mwenye 14 ni kazi nyepesi isiyomharibia shule. Kama mtu anamtaka binti yako, muombe jina lake kamili, mtaa, namba ya simu, na mwende wote kwa mwenyekiti iandikwe. Akikataa kwenda kwa mwenyekiti umeshapata jibu lako. Na kama binti yako kapata mimba shuleni, usimuoze ili kuficha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shule baada ya kujifungua, aliyetangaza ni Profesa Joyce Ndalichako alipokuwa waziri wa elimu, mbunge wa Kasulu hapo juu wakati huo, mtu wa kwetu. Na aliyempa mimba mwanafunzi, sheria tangu 2016 ni miaka 30, haijalishi ameleta mahari.

Mtauliza dalili ni zipi. Nimeshawapa moja, mtoto anayeogopa mbalamwezi, na hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha semina. Ndo namna dalili zilivyo, zinakuwa za kwenu. Mtoto aliyekuwa hakojoi kitandani ameanza. Mtoto anavaa sweta juani anageuza dagaa kwenye chanja saa saba mchana na hataki kulivua. Mtoto hataki kutumwa duka moja, anazunguka mbali kwenda jingine. Mtoto mdogo ana hela ambayo huelewi imetoka wapi. Inaweza isiwe kitu. Keti naye tu, mpe kitu cha kushika mikononi, uliza swali moja fupi, kisha fanya lililomshinda kila mtu, nyamaza.

Namba ni 116. Ni bure, simu haiitaji hata vocha, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na wewe jirani unaweza kupiga bila kutaja jina. Hapa kwetu kuna kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, mwenyekiti yupo hapo mbele, anajua anachotakiwa kufanya, mkimpelekea jambo na akaanza kuwaambia mkayamalize nyumbani, mpitishe mpaka kwa afisa ustawi wa kata, na sisi tutawasindikiza. Na msaidizi wa kisheria tuliye naye hatozi hela, mtu akiwaambia mlipe kwanza ndo mfunguliwe faili, huyo sio wetu.

Mtu mmoja aliniuliza hapo nyuma kabla sijaanza, yule mtoto yuko wapi sasa. Yuko kwa mama yake. Yule bwana alifungwa, mama akahamia mtaa mwingine, ana chanja zake sita. Mtoto yuko sekondari. Mwezi huu nilipita kwao jioni, mbalamwezi imewaka kama hii ya jana, nilimkuta amekaa kibarazani na wadogo zake wanacheza kombolela uani. Yeye hakuwa anacheza. Alikuwa amekaa, anawaangalia. Nilimuuliza mbona huchezi, akasema dada mimi nawahesabu.

Sijui kama nimepata cha kumjibu mpaka leo, nilikaa naye tukahesabu wote.

Sasa ombi. Kata yetu ina familia tatu tu zilizoandikishwa kama walezi wa kuaminika, na moja inahamia Uvinza mwisho wa mwezi. Tunahitaji nyingine mbili angalau, kabla giza halijaisha tena. Sio lazima uwe tajiri, uwe na chumba ambacho mtoto anaweza kulala na mlango unaofunga. Afisa ustawi atakuja kwako, atauliza maswali mengi, mengine yatakuudhi, vumilia. Na tunahitaji mwanaume mmoja au wawili wa kuongea na vijana wa mitumbwini. Daftari liko kwa katibu wetu pale kwenye mzani wa dagaa, yule mama mwenye kilemba cha kijani. Asiyejua kuandika atamwandikia. Anayetaka kuniambia kitu na hataki watu wamuone akiniambia, mimi nitakuwa kwenye zile chanja za mwisho kule, nachambua dagaa na mama zangu mpaka adhuhuri, njoo uchambue.